Mahindi yenye ukungu: watu tusile, lakini mifugo je?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mkulima, naishi karibu na Kibaigwa, Dodoma. Mwaka huu mahindi tuliyavuna mapema, maana ndani hapakuwa na kitu na shambani wezi walishaanza kupita. Tukayaweka chumbani kwenye viroba kabla hayajakauka vizuri. Sasa katika magunia kumi na moja, manne yananuka uvundo na punje nyingi zina ukungu wa kijani. Mama mkwe anasema chakula hakitupwi: sisi tusile, lakini kuku na ng'ombe wapewe, na yatakayobaki tuwauzie wapika pombe. Jirani yangu anasema nikiyakoboa na kuyapika sana, sumu inakufa. Nina ng'ombe mmoja chotara anayekamuliwa, kuku wa mayai, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekunywa maziwa ya ng'ombe huyo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa hasara.

Nianze na la haraka. Ng'ombe anayekamuliwa asipewe mahindi hayo hata kopo moja, wala pumba zake. Kama ulishaanza kumpa, acha leo hii, na mtoto asinywe maziwa yake kwa siku nne au tano zijazo. Kuku nao wasipewe. Wapika pombe usiwauzie. Kukoboa kunapunguza sumu lakini kuna mtego wake, nitaueleza. Kupika hakusaidii kitu.

Ukungu wa kijani unaoelekea manjano, ambao mara nyingi huanzia kwenye kiini cha punje au pale mdudu alipotoboa, kwa kawaida ni ule unaoitwa Aspergillus flavus. Wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kemikali unayoiacha ndani ya punje, aflatoksini, ambayo huku kwetu imezoeleka kwa jina la sumukuvu. Ukungu unaweza kufa, ukapeperushwa, ukafutwa kwa kitambaa hadi punje ikang'aa, na sumu ikabaki palepale. Haina ladha wala harufu. Uvundo unaousikia ni wa ukungu, si wa sumu. Na joto la jikoni haliiwezi: huanza kuvunjika kwenye nyuzi 237 hivi za sentigredi, wakati ugali hata ukisongwa hadi mkono uchoke hauvuki sana nyuzi 100. Kwa hiyo jirani yako, kwa hilo la kupika, amekosea kabisa.

Hili wazo la kwamba mnyama anavumilia kile ambacho mtu hakiwezi, nalielewa limetoka wapi. Nguruwe anakula makombo, kuku anadonoa jalalani, mbona hawafi? Lakini sumu hii haikugunduliwa kwa watu. Iligunduliwa kwa bata mzinga. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana, hadi wanasayansi walipofuatilia chakula chao na kukuta mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil yakiwa yamejaa sumu ya ukungu. Bata wa kawaida, hasa vifaranga, ni dhaifu zaidi hata ya bata mzinga. Mbwa na nguruwe nao ni wepesi kudhurika. Kuku na ng'ombe ndio wanaostahimili kidogo, na ustahimilivu huo ndio unaotudanganya: mnyama hafi, anaendelea kutaga na kukamuliwa, na sisi tunaendelea kula kutoka kwake.

Kuhusu watu, sihitaji kwenda mbali. Katikati ya mwaka 2016 hapo hapo Dodoma, na Manyara jirani yake, watu walianza kuugua ugonjwa ambao kwanza ulitangazwa kuwa haujulikani: macho manjano, tumbo kujaa na kuuma, kutapika. Wagonjwa walioripotiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Ilikuwa sumukuvu kwenye mahindi ya nyumbani. Kenya ilishapitia hayo mwaka 1981 huko Machakos, watu 12 wakafa, halafu mwaka 2004 ikawa kubwa zaidi: wagonjwa 317, vifo 125, wengi wao Makueni na Kitui. Ukisoma taarifa za uchunguzi ule wa 2004 utadhani ni barua yako wewe. Ukame, njaa, mvua isiyotarajiwa wakati wa kuvuna. Watu walivuna mahindi mabichi kwa sababu ya njaa na kwa kuogopa wizi, wakayaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani. Kaya zilizohifadhi mahindi ndani ya nyumba ndizo zilizoumia zaidi.

Huo ni ule mlipuko unaoonekana. Ulio mkubwa zaidi hauonekani. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, ini ndilo linalolipa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeweka aflatoksini kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo hakuna tena ubishi kwamba vinaleta saratani kwa binadamu. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari yake huwa kubwa mno: makadirio ni kwamba kwa mtu huyo sumu ina nguvu mara 30 hivi ya kuleta saratani ya ini kuliko kwa asiye na virusi. Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu mahindi huwa nauliza kuhusu chanjo. Mtoto wako bila shaka alipata ya homa ya ini B ndani ya zile sindano za kliniki za miezi ya kwanza. Angalia kadi yake uhakikishe. Wewe na baba yake mnaweza kupima. Kuhusu udumavu wa watoto, tafiti nyingi, kuanzia zile za Benin na Togo za mwaka 2002, zimeona watoto wenye sumukuvu nyingi mwilini ni wafupi kuliko wenzao. Wataalamu bado wanabishana kama sumu ndiyo sababu au inasafiri pamoja na umaskini wa lishe. Mimi nisingesubiri wamalize kubishana.

Sasa ng'ombe. Ng'ombe akila aflatoksini aina ya B1, ambayo ndiyo kali kuliko zote, tumbo lake la kwanza huvunja sehemu yake. Inayobaki huenda kwenye ini, na ini huigeuza kuwa aina nyingine iitwayo M1, ambayo hutoka kwenye maziwa. Kiasi kinachopita ni asilimia moja au mbili ya alichokula, na kwa ng'ombe anayetoa maziwa mengi kinaweza kufika sita. Inaonekana ndogo, lakini anayekunywa maziwa hayo ni mtoto wa kilo kumi, na anakunywa kila siku. M1 huanza kuonekana ndani ya siku moja tangu ng'ombe ale, na ukiacha kumlisha hupungua hadi karibu kwisha ndani ya siku tatu au nne. Ndiyo sababu nimekwambia siku nne au tano. Kuchemsha maziwa kunaua vijidudu vya kifua kikuu na vya brusela, na ni lazima uendelee kuchemsha, lakini M1 haiguswi. Mtindi pia unabaki nayo.

Hadithi ya Addis Ababa inafaa hapa. Watafiti walipima sampuli 110 za maziwa ya wafugaji na wauzaji wa jiji lile, matokeo yakachapishwa mwaka 2016: zote 110 zilikuwa na M1, na kama robo yake zilivuka kiwango cha sehemu 0.5 kwa bilioni ambacho hata sisi wa Afrika Mashariki tunakitumia kwa maziwa. Walipofuata nyuma hadi kwenye vyakula vya ng'ombe, walikuta mkosaji mkuu ni mashudu ya nug, mbegu ya mafuta inayolimwa sana Ethiopia. Si mahindi, si majani. Wafugaji walikuwa wakinunua mashudu kwa nia njema kabisa, ili kuongeza protini, na ndiyo wakawa wananunua sumu. Kwetu mashudu ya alizeti ni hivyo hivyo: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima mbegu na mashudu ya alizeti kutoka mikoa kadhaa ya Tanzania, na sumukuvu ikakutwa humo.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndipo shina la swali lako lilipo. Tazama gunia moja la mahindi yenye sumu linavyokwenda. Sumu nyingi hukaa kwenye ganda la punje na kwenye kiini. Ukipeleka mashine ukakoboa, ganda na kiini vinatoka na sumu nyingi inatoka navyo. Sembe yako inakuwa safi zaidi kuliko dona ya mahindi yale yale; hapo jirani yako yuko sahihi. Lakini sumu haikufa mashineni. Imehamia kwenye pumba, tena imejikusanya, kwa sababu pumba ni chache kuliko mahindi. Na pumba hazitupwi. Mwenye mashine anaziuza, wewe unazinunua au unarudi nazo nyumbani, ng'ombe anazila asubuhi wakati wa kukamuliwa. Jioni mtoto anakunywa kile ambacho mama yake alilipa kikobolewe. Ukikamua alizeti au karanga ni vilevile: sumu nyingi hufuata mashudu. Ukipika pombe, sehemu inaingia kwenye pombe na nyingine inabaki kwenye machicha, na machicha anapewa nguruwe au ng'ombe. Kila mlango tunaotumia kusafisha chakula cha mtu unafungukia kwenye hori la mnyama, na mnyama huyo tunamla au tunakula kinachotoka kwake.

Hiki ndicho serikali na wataalamu wanachokiita Afya Moja. Semina zake ni nyingi na chai yake ni nzuri, lakini sijawahi kuona mchoro wa ukutani unaoieleza vizuri kuliko mashine ya kukoboa ya kijijini: mahindi yanaingia juu, sembe inatoka huku kwa watu, pumba kule kwa ng'ombe.

Kuna jambo la haki nilitaje. Marekani sheria inaruhusu mahindi yenye sumukuvu kiasi fulani yapewe mifugo: ng'ombe wa maziwa wasivuke sehemu 20 kwa bilioni, lakini ng'ombe wa nyama wanaonenepeshwa mwishoni wanaweza kulishwa hadi 300. Kwa hiyo mama mkwe hakukosea kwa asilimia mia; kuna mnyama na kuna wakati. Tofauti ni kwamba wao wanapima kabla ya kulisha, na ng'ombe yule hakamuliwi. Wewe huna kipimo, ng'ombe wako anakamuliwa kesho alfajiri, na kuku wako anataga leo. Mahindi yanayoonekana ukungu kwa macho yanaweza kuwa na 50, yanaweza kuwa na 5,000. Kiwango chetu cha mahindi ya chakula ni 10 kwa jumla ya aflatoksini, na 5 kwa ile B1 peke yake.

Kuku sasa. Sumu inayopita kwenye mayai ni kidogo sana ukilinganisha na maziwa, kwa hiyo kwa upande wa yai nisikutishe. Balaa la kuku liko kwingine. Sumukuvu inadhoofisha kinga yao. Kuku anakua polepole, utagaji unashuka, na chanjo ya kideri uliyompa haimkai vizuri. Mfugaji anaona kuku wamezubaa, manyoya yamesimama, wanaharisha. Anakwenda duka la dawa za mifugo, anarudi na unga wa njano wa OTC, ambayo ni antibayotiki, anautia kwenye maji. Haukusaidia, anaongeza. Antibayotiki haifanyi chochote kwa sumu ya ukungu, lakini inafanya mengi kwa bakteria walio tumboni mwa kuku: wanyonge wanakufa, sugu wanabaki, wanaingia kwenye mbolea, kwenye bustani ya mchicha, kwenye maji. Na mayai yanauzwa yakiwa na mabaki ya dawa, maana ni wachache wanaosubiri zile siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Nimeingia kwenye mabanda mengi ya namna hiyo. Mfugaji ananionyesha dawa zake zilizopangwa dirishani. Mimi nanyoosha mkono kwenye mfuko wa chakula, nanusa, na mara nyingi jibu liko humo.

Kwa hiyo kabla hujanunua dawa yoyote ya kuku, nenda kwenye stoo ya chakula. Vunja bonge la pumba. Kama limeshikana na lina vumbi la kijani ndani, usilitawanye ulichanganye na zuri. Kuchanganya baya na zuri ili "lipungue nguvu" ndiyo njia inayotumiwa sana mitaani, na ndiyo inayosambaza sumu kwa kuku wote badala ya wachache.

Utaambiwa pia dukani kuna dawa ya sumukuvu ya kuchanganya kwenye chakula. Zipo, nyingi ni aina ya udongo kama bentonaiti unaoshika sumu tumboni ili itoke na kinyesi. Zinafanya kazi kwa kiasi, hasa kwa aflatoksini, na kwa mfugaji anayenunua pumba asizozijua ni bima nzuri. Si ruhusa ya kulisha magunia yale manne.

Haya, magunia. Usihukumu yote kumi na moja kwa pamoja, na usiyasamehe saba kwa sababu hayanuki. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia zima. Ndiyo maana kuchambua kwa mkono kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaga gunia moja moja juu ya turubai mahali penye mwanga wa jua, fungeni pua na mdomo kwa kitambaa, watoto wakae mbali. Pepeta kwanza ili vumbi na punje nyepesi ziondoke. Kisha kwenye ungo toa kila punje yenye rangi ya kijani au nyeusi kwenye kiini, iliyovunjika, iliyotobolewa, iliyosinyaa, na ile iliyofifia ikakosa mng'ao. Zile za rangi ya waridi toa pia. Huo ni ukungu mwingine wenye sumu yake nyingine. Watafiti wa Tanzania walipofundisha kaya zenye watoto wachanga kuchambua hivi, kuanika juu ya turubai na kukoboa, sumu iliyowafikia watoto ilishuka sana. Katika yale saba, yakishachambuliwa na kukaushwa, mnaweza kula. Mimi ningeyakoboa kwa mwaka huu, na pumba zake nisingempa ng'ombe.

Yale manne yanayonuka, kama nusu ya punje zina ukungu, sioni cha kuokoa. Najua unachokifikiria: hakuna atakayekufidia. Kweli, hakuna. Chimba shimo refu ambalo kuku, mbuzi na mbwa hawatalifukua, mbali na kisima na mbali na shamba utakalopanda mahindi au karanga, uyafukie. Bakteria wa udongoni wataivunja sumu kwa muda. Usiyaweke kwenye mboji ya shambani, maana mbegu za ukungu utakuwa unazirudisha ulikozitoa. Kama ungependa kupima kabla ya kuamua, peleka sampuli kwa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wenye jukumu la usalama wa chakula, au mwulize afisa ugani akuelekeze. Sampuli usichote juu ya gunia moja. Tumia bambo, kile chuma wanunuzi wanachochomea magunia pale sokoni, uchome kila gunia juu, katikati na chini, uchanganye.

Kuhusu kukausha, mwakani fanya jaribio la chumvi, halina gharama. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kidogo chini, ongeza mahindi hadi karibu nusu, funga, tikisa dakika chache, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudi juani. Isiponata, yako chini ya 15, ila wewe unataka 13, kwa hiyo anika siku nyingine moja au mbili za jua kali. Anika juu ya turubai, si chini kwenye udongo, kwa sababu ukungu huu makazi yake ni udongo. Usiyapige kwa fimbo ndani ya gunia. Punje zinapasuka na kila ufa ni mlango. Yakishakauka, mifuko ya PICS ya tabaka tatu inazuia wadudu bila dawa. Yakiingia mabichi humo, yataoza tu kwa gharama kubwa zaidi. Na viroba viwe juu ya mbao, visiguse sakafu wala ukuta.

Hata hivyo nusu ya kazi huwa imeshaharibika kabla ya kuvuna. Ukungu huu unapenda joto na mmea uliochoka. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele na kujaza punje, yanaingiliwa yakiwa bado shambani, hasa pale viwavijeshi vamizi walipokwisha kutoboa gunzi. Hali hii si ya Dodoma peke yake: Serbia walipata ukame mkali mwaka 2012, mahindi yakaingia sumukuvu, na mapema 2013 maziwa ya nchi nzima yakawa kashfa kiasi kwamba serikali ililegeza kiwango chake mara kumi ili maziwa yaweze kuuzwa. Kwa jinsi joto linavyopanda, tutaona zaidi ya hayo.

Ndiyo sababu nasema jambo ambalo wengine hawapendi kulisikia: sehemu kubwa ya Dodoma si nchi ya mahindi. Ni nchi ya uwele na mtama. Nafaka hizo zinastahimili ukame, na kwa kawaida hubeba sumukuvu kidogo kuliko mahindi, ingawa hazijasalimika kabisa. Tulihamia kwenye mahindi kwa sababu ndege hawayasumbui sana, ugali wake ni mweupe, soko liko, na mtama ukaonekana chakula cha njaa. Kila sababu hapo ina uzito wake, sikulaumu. Lakini mama mkwe wako huenda anakumbuka miaka ambayo chakula cha nyumba kilikuwa uwele, kikikaa ghalani bila shida, na aliyebaki na makapi aliwapa kuku bila madhara. Ushauri wake ulikuwa wa chakula kile. Eka moja ya mtama pembeni ya mahindi si kurudi nyuma, na uji wa mtoto unaupokea vizuri.

Kama utaendelea na mahindi, iulizie Aflasafe. Ni punje za mtama zilizokufa, zimepakwa mbegu za ukungu wa jamii ile ile ya Aspergillus flavus, ila wa aina isiyo na uwezo wa kutengeneza sumu. Unazirusha shambani kwa mkono, kilo nne hivi kwa eka, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, udongo ukiwa na unyevu. Ukungu mpole unawahi nafasi, mkali unakosa pa kukaa. Ilibuniwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, pamoja na idara ya kilimo ya Marekani. Kenya iliisajili mwaka 2015 na Tanzania 2018, kila nchi kwa kutumia ukungu wa udongo wake yenyewe. Katika majaribio hupunguza sumu kwa asilimia 80 na zaidi. Bila kukausha vizuri baada ya kuvuna, faida hiyo unaipoteza ghalani.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni soko. Pale soko la nafaka la Kibaigwa gunia safi na gunia lenye sumu yakionekana sawa yanapata bei sawa. Mkulima anunue Aflasafe, anunue turubai, achambue kwa siku nzima, halafu auze bei ile ile na aliyeanika barabarani? Machi 2021 Kenya ilipozuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, wengi huku waliona ni siasa za biashara. Labda zilikuwemo. Lakini kwa siku chache zile usafi wa mahindi ulikuwa na bei, na kila mtu sokoni aliiona. Mpaka mnunuzi aanze kupima na kulipa tofauti, kinachobaki ni familia kujilinda yenyewe kuanzia kwenye mahindi ya kula na ya kulisha.

Karanga za unga wa lishe wa mtoto zichambue vilevile, tena kwa ukali zaidi, na usinunue zile zilizopondwa tayari kwa bei ya chini. Mara nyingi ni makapi yaliyokataliwa na wanunuzi. Pumba na mashudu ya ng'ombe nunua kidogo kidogo ya kutumia wiki moja, si ya mwezi. Na mtu yeyote hapo nyumbani akianza kuwa na macho manjano, miguu au tumbo kuvimba, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na mbebe kilo moja ya unga mliokuwa mkila, kwenye mfuko wa karatasi, mkamwonyeshe daktari.